Jeli Kwenye Friji ya Jirani

Nina jicho moja. La kushoto lilikufa zamani kwa presha ya macho, na lilikufa kwa ujeuri wangu: niliambiwa niende kliniki, nikasema kesho, kesho ikazaa kesho nyingine. Kwa hiyo la kulia lilipoingiwa na mtoto wa jicho, sikuwa na la akiba. Mimi ni fundi saa. Meza yangu iko chini ya ngazi za jengo moja kuukuu Mchafukoge, na chumba changu kiko ghorofa ya tatu ya jengo hilohilo. Mwishowe nilikuwa nabadilisha betri kwa kupapasa. Siku niliyomrudishia mteja saa yake bila mshale wa dakika, naye akanishukuru kwa kunionea huruma, ndipo nilipokubali kwenda hospitali.

Daktari alikuwa binti mwenye subira. Alinieleza kwamba nyuma ya kioo cha mbele cha jicho kuna seli nyembamba ambazo zikifa hazizaliwi nyingine.

"Vyombo vyangu vitapita karibu nazo kabisa, mzee," alisema. "Kwa hiyo kwanza najaza jeli mle ndani. Inakaa katikati, inazikinga. Kazi ikiisha, naitoa."

"Yote?"

"Yote. Ikibaki, presha inapanda, na presha ya jicho wewe unaijua."

Jeli hiyo pale kwao ilikuwa imeisha. Akaniandikia nikainunue mwenyewe, niiweke kwenye friji bila kuigandisha, nije nayo Alhamisi. Nilipokuwa nanyanyuka akaongeza: "Na uje na mtu. Utatoka umefungwa jicho, hutaona kitu."

Nikasema nitakuja na mwanangu. Mwanangu yuko Mwanza, ana kazi yake na watoto wake, na hakujua hata kama naumwa. Kila akipiga simu nilimjibu mzima, mzima kabisa. Naogopa kuwa mzigo kuliko ninavyoogopa giza, na kwa umri huu sitabadilika.

Duka la dawa Kariakoo lilinipa kiboksi chepesi kama kiberiti, ndani yake kisindano kilichojaa kitu kiangavu kisicho na rangi, au ndivyo muuzaji alivyoniambia. Nikatoka nacho nikiwa nimekishika kwa mikono miwili katikati ya wasukuma mikokoteni na wauza ndoo. Nilikuwa nimeshafika kwenye ngazi zetu nilipokumbuka kwamba friji yangu ilikufa mwaka mmoja na marehemu mke wangu, na tangu hapo naweka humo mashati.

Mlango unaotazamana na wangu ni wa mama mmoja wa Kihindi, mjane, mzaliwa wa mtaa huuhuu. Mke wangu alikuwa akimpelekea korosho kila tulipoletewa kutoka kusini, naye akileta chapati na achari. Msiba ulipotufika alibisha mlangoni kwangu wiki nzima, na chakula mkononi. Sikufungua. Sikuwa na ugomvi naye. Sikutaka tu kuonwa. Baada ya hapo tulibaki na salamu za ngazini, naye akinipisha upande wa ukuta.

Sasa ikawa zamu yangu kubisha. Nikajikaza kisabuni, nikaeleza shida.

"Ina nyama ndani yake, fundi?"

"Mama, ni dawa ya jicho!"

"Naelewa. Lakini kwenye friji yangu halijawahi kuingia hata yai. Nakuuliza tu."

Hasira zilinipanda. Ningeweza kusema haina, nani angejua? Lakini sikujua, na mtu anayekuuliza kwa adabu hivyo si wa kudanganywa. Nikanunua barafu kwa muuza maji, nikarudi Kariakoo kwa miguu, nikitukana moyoni kila jiwe lililonikwaza.

"Shikamoo mzee. Umerudisha?"

"Marahaba. Hii kitu ina nyama?"

Muuzaji alicheka mpaka akaegemea kaunta. Kisha akatulia, akafungua karatasi ya ndani, akasoma kwa muda. "Aisee mzee, umeuliza la maana. Kuna ambayo wanaitoa kwenye ile nyama nyekundu ya kichwani kwa jogoo. Kweli tena! Ila hii yako wameitengeneza kwa bakteria. Kama mtindi unavyotengenezwa, basi ndo hivyo."

Nikapanda ghorofa tatu na habari za jogoo. Nikamweleza mama yote, bila kuficha. Akacheka, na mimi nilikuwa nimeshasahau kwamba mama yule ana kicheko.

"Mtindi nakula," alisema, akakichukua kiboksi.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumapili jioni nikabisha tena, eti kuangalia kama umeme haujakatika. Alinifungulia friji, mimi nisiyeona kitu nikaingiza kidole nikagusa kiboksi, nikasema kiko sawa. Akanipa chai yenye tangawizi. Jumatatu nikaja tena. Jumanne akawa ameshaweka kikombe mezani kabla sijabisha. Tulizungumza habari za mafuriko ya Jangwani, za bei ya nyanya, za miguu yake inayovimba akishuka ngazi, za mke wangu kidogo. Niseme ukweli: dawa haikuhitaji kuangaliwa hata mara moja. Nilikuwa nakwenda kusikia mtu akinijibu.

Jumatano aliniuliza nani atanipeleka. Nikamjibu kwamba mwanangu anaingia na basi la usiku.

Alhamisi asubuhi nilibisha mapema. Alikuwa amekiweka kiboksi kwenye chupa ya chai yenye maji baridi, amekifunga nailoni mara mbili. Alisimama mlangoni, umbo jeupe tu machoni mwangu.

"Mwanao ameshafika?"

"Yuko chini, ameshika bajaji."

Nami nikamtazama usoni, nikasema asante, nikashuka. Bajaji nilijitafutia mwenyewe.

Nesi naye nikamdanganya kwamba ndugu yangu yuko nje. Upasuaji wenyewe haukuuma. Niliona mwanga, kisha rangi zikiogelea, nikamsikia binti yule akiomba jeli, nikajua sasa inaingia, imekaa katikati. Nikaomba Mungu kwa maneno machache. Baadaye nikamsikia akisema, "Naitoa sasa, mzee, tumemaliza." Wakanifunga jicho, na dunia ikazimika yote.

Nesi alikwenda kumwita ndugu yangu. Akarudi, akakaa karibu nami, akauliza kwa sauti ya chini, "Mzee, hakuna mtu, au siyo?" Nikainamisha kichwa. Hakunigombeza; walinipa kitanda mpaka kesho yake. Jioni ile nilisikia wodi nzima ikila: vijiko, mabakuli, mtu akimwambia baba yake afungue mdomo. Mbele yangu waliweka sahani. Nilipapasa wali kwa vidole, nikamwaga mchuzi kifuani, nikaacha. Nililia, na kulia chini ya bandeji kunawasha.

Asubuhi daktari alinifungua. Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa saa mkononi mwake, mshale wa sekunde ukikimbia, mwembamba kama unywele. "Saa yako inachelewa," nilimwambia, kwa maana ile ya ukutani nayo niliiona, na hazikulingana. Akacheka, akanishika mabega. Jicho limepona.

Nilipanda ngazi za nyumbani nikiziona moja moja. Chumba changu nikakikuta kichafu kuliko nilivyodhani, masizi ukutani, mashati yenye madoa niliyokuwa nikiyavaa mbele za watu. Nilitaka kumwambia mtu kwamba naona. Nikasimama mbele ya mlango wa mama nikitafuta sababu, maana dawa imeisha na friji haina kitu changu. Nikabisha hivyohivyo.

Alifungua. Alikuwa mzee kuliko nilivyokuwa nikimkumbuka, nywele zote nyeupe. Alinitazama jicho, kisha akachungulia nyuma yangu.

"Mwanao yuko wapi, nimsalimie?"

"Hakuja, mama. Sikumwambia. Sikumwambia mtu yeyote."

Mkono wake ulibaki kwenye kitasa.

"Najua," alisema. "Sauti ya mtu anayedanganya naijua. Jana asubuhi nilisimama hapa nimevaa viatu, fundi. Na mkoba mkononi, na khanga yangu ya kutokea. Nilikuwa nangoja uniambie twende. Ukanitazama usoni, ukasema asante."