Msamaha wa Baba Ulibaki Ndani ya Spika

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana nusu ya ukoo wetu wako humu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na sita, naishi Uru na mama yangu mjane. Mnivumilie.

Nina kaka mmoja tu. Miaka sita iliyopita alilewa, akagombana na baba, akamsukuma, baba akaangukia mferejini. Baba akatamka mbele ya wazee kwamba kaka asikanyage tena kihambani, na akifa asizikwe pale. Kwa wasiojua, kihamba ni shamba la ukoo, ndiyo migomba yetu, kahawa yetu na makaburi yetu yote. Kaka akahamia Chekereni kulima mpunga wa watu. Pombe aliacha, lakini kurudi hakuthubutu.

Mwanzoni mwa mwaka huu baba akaugua mapafu. Siku moja mchana, mama akiwa kanisani, kaka akaja ameshika jani la isale. Kwetu ukimpelekea isale uliyemkosea, hapaswi kukunyima msamaha. Baba akalipokea, akalia, akamwambia amemsamehe na achukue kona yake ya kihamba. Tulijua isale hupokelewa mbele ya wazee, ila baba alikuwa hoi, tukaona tusimchoshe. Mimi na ujanja wangu nikabonyeza kitufe cha kurekodi kwenye spika yake ya muziki, nikasema huyu ndiye shahidi wetu. Wiki tatu baadaye, kabla hajapata nguvu ya kuwaita wazee, baba akafariki.

Msibani nikamwambia baba mkubwa. Akanitazama, akasema, "Wewe unampenda kaka yako, lazima umtetee. Desemba watu wote wakirudi nyumbani, tuletee hiyo sauti tuisikie." Nikajibu bila wasiwasi, "Ipo, baba mkubwa."

Jamani, haipo! Ile spika nilimnunulia baba kwa hela yangu, dukani Moshi mjini, na kwenye boksi wameandika kumbukumbu zako zitadumu. Kumbe rekodi hazikai ndani ya spika, zinakaa huko kwa kampuni. Kampuni ikauzwa, wenye nayo wapya wakaamua spika za aina ile hawazihudumii tena. Sasa inawaka taa nyekundu basi, hata wimbo wa kwaya haipigi. Walinitumia ujumbe mara mbili kwamba nihamishe vitu vyangu. Ulikuwa wa Kiingereza, nikadhani ni matangazo, nikafuta. Nimewaandikia mpaka nimechoka, linanijibu roboti kwamba wanathamini mapenzi yangu kwa muziki. Muziki gani? Mimi nataka baba yangu! Mtu amekaa ofisini kwake huko anafunga huduma, hajui huku Uru amefunga na nini kingine.

Nikaipeleka spika kwa fundi simu mjini. Akaipima, akatikisa kichwa. Halafu akaniuliza kama nina sauti nyingine za marehemu. Nilikuwa nazo nne kwenye simu, baba ananiagiza chumvi ya ng'ombe na dawa. Akasema hizo zinatosha, kuna programu inamsemesha mtu chochote unachotaka. Hapa ndipo nakiri mbele yenu. Nilimwandikia maneno yale. Kesho yake akanitumia, nikamsikia baba akimsamehe kaka.

Nikamsikilizisha mama bila kumwambia ukweli. Alikuwa anamenya ndizi za mtori. Akaweka kisu chini, akafunga macho, machozi yakamtoka. Kisha akanigeukia, akaniuliza polepole, "Mwezi ule baba yako hakuweza kutamka maneno matatu bila kukohoa. Mbona hapa hakohoi?" Nikasema naenda kuangalia ng'ombe, nikatoka mbio.

Jana kaka amenipigia. "Dada, sauti ipo salama?" Nikamwambia ipo. Ameshanunua mashati mapya ya kwenda mbele ya wazee, yeye na mwanawe.

Nikisema ukweli, kaka ananyimwa kitu ambacho baba alimpa kweli, mimi nikisikia kwa masikio yangu. Nikipeleka hii ya fundi, nimemsemesha marehemu mbele ya ukoo mzima, na wakigundua hata kaka hataaminika tena maisha yake yote. Na kinachonitisha kuliko vyote, nimeisikiliza mara nyingi mno. Nikijaribu kukumbuka baba alivyosema siku ile, nasikia ile ya fundi.

Leo asubuhi nilimweleza fundi alichouliza mama. Amenijibu hivi: "Usijali dada, kikohozi naweza kuweka. Alikuwa anakohoaje?"

Ndugu zangu, niambieni, nimjibu nini?