Paa Lenye Ndala

Shule yetu ya msingi, huku milimani Lushoto, ilipobomoa madarasa ya zamani, nilikuwa wa kwanza kufika kununua masalia. Nikapata mbao, mabati, na mlango wenye maandishi meupe: DARASA LA NNE B.

Mama akautazama ule mlango. "Darasa la nne lilikutoa jasho, leo umelileta nyumbani?"

Nyumba niliyotaka kujenga ilikuwa yake. Ile aliyokuwa akiishi, ukuta wa nyuma ulishaanza kuinamia bondeni, na mimi nilitaka ahame kabla masika hayajakolea. Yeye akaweka sharti: mvua ya kwanza atakuja akae ndani. Paa likivuja, anarudi kwake, na habari ya kuhama iishe.

Basi fundi akainua bati moja juani, akachungulia. "Mdogo wangu, hili bati au chujio?"

Matundu ya misumari kila mahali! Tukapanga mbao kufuata matundu, misumari ikaingia palepale pa zamani, kila mmoja umevishwa kipande cha ndala kuukuu kuzuia maji. Majirani wakaniletea ndala zilizokatika, za bluu, nyekundu, zambarau. Ukisimama barabara ya juu, utadhani mtu kamwaga maharage juu ya paa. Nililipenda sana paa lile, jamani.

Msumari wa mwisho, ndala zikaisha. Nikasema, ah, mmoja tu.

Mvua ikaja mchana pamoja na ukungu wake. Mama akaingia, kajitanda kanga, akaketi kwenye kitanda kitupu nilichomwekea. Juu kelele tupu, chini pakavu. Nikaanza kutabasamu. Mara, to! Tone likamwangukia gotini.

"Shikamoo, mama," nikaropoka.

"Marahaba. Ulishanisalimia asubuhi." Akatazama juu. "Pale hukuweka ndala?"

"Ziliisha."

Akafuta goti lililolowa. Nikawaza ule ukuta wake. Kisha akainama, akavua ndala ya kushoto, ya kijani, aliyoinunua sokoni juzi tu.

"Kata."

"Mama, hii mpya!"

"Kata kisiginoni, nitaivaa hivyohivyo. Mvua ikikatika panda ukapigilie. Halafu uende ukanichukulie godoro langu."