Burhani na mguu wa kushoto wa Sablon

Saa kumi na moja alfajiri, Burhani Nduwimana anapiga goti kwenye majani makavu, ndani ya zizi lililo ukingoni mwa msitu kusini mwa Brussels, na kuushika mguu wa mbele wa kushoto wa farasi. Mkono unashuka taratibu kutoka gotini hadi karibu na ukwato, unapanda, unashuka tena.

Mara ya tatu, mkono unasimama.

"Bon," ananong'ona. "Hapa kuna moto."

Mwandishi wa makala haya, aliyejibanza mlangoni kwa kuyaogopa meno ya mnyama, haoni tofauti yoyote. Mguu ni mguu. Lakini uso wa Burhani umebadilika, kwa maana joto mguuni huashiria kano iliyoumia, na farasi mwenyewe si wa kuvuta mkokoteni. Huyu ni Sablon, bingwa wa mbio, aliyeshinda mara kumi na nne katika mashindano ishirini na matatu. Leo ni Ijumaa. Jumapili anakimbia kwa mara ya mwisho, kwenye uwanja wa pwani, kisha anastaafu.

"Farasi wa miaka huit, minane, ni muzee," anasema Burhani. "Ndiyo maana ninamwita papa. Papa Sablon."

Burhani ana miaka 51. Alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, akaingia Ubelgiji akiwa mkimbizi. Kwa miaka tisa alifagia ofisi za maghorofa ya karibu na stesheni ya treni ya Gare du Nord, hadi aliposikia kuna zizi linatafuta mtu wa kuzoa samadi. Farasi alikuwa amewaona kwenye televisheni tu.

"Siku ya kwanza nilitetemeka," anakumbuka. "Nyama mukubwa vile anakuangalia na jicho moja, haujui anawaza nini."

Sablon aliletwa zizini akiwa na miaka miwili, mwembamba, mguu wa kushoto umepinda kidogo. Hakuna mtunzaji aliyemtaka, basi akatupiwa Burhani, mzoa samadi mgeni. Mbio za kwanza alikuwa wa mwisho. Za pili, wa mwisho tena. Za tatu akashinda, akiwaacha wenzake mbali hadi watu wakacheka. Alipofika miaka mitano alishinda mara saba mfululizo, na magazeti ya mbio yakaanza kuchapisha picha zake. Pembeni mwa picha hizo huonekana mkono mmoja ulioshika kamba. Ndio huo wa Burhani.

Na mkono huohuo ndio uliokosea.

Ilikuwa Machi, miaka miwili iliyopita. Burhani alitawadha kwenye bomba la uani, maji yakiwa baridi ya kuuma mifupa, akaswali, kisha akaenda kupima miguu ya farasi kama kila siku.

"Mikono ikiwa ya barafu, miguu yote inakuwa moto," anaeleza. "Nilisikia moto kwa huu wa kushoto. Nikasema, ah, ni mikono yangu hii. Sikuambia muntu."

Alasiri ile, karibu na mwisho wa mbio, kano ya mguu huo ilichanika. Burhani aliruka uzio akakimbia uwanjani. Alipofika, tayari watu walikuwa wanasimamisha pazia.

"Ile rideau ya kuficha watu wasione wakimuua farasi mwenye mguu umeharibika," anasema. "Daktari akasema, ngojeni kidogo. Ni hiyo kidogo tu ilimuponyesha."

Sablon alipona baada ya miezi kumi, akarudi, akashinda mara mbili. Burhani hakupona. Sasa anapima miguu kwanza, ndipo anatawadha. Tangu ajali hiyo ameshatoa tahadhari mara mbili. Mara zote mbili Sablon aliondolewa mashindanoni, na mara zote mbili kipimo hakikuonyesha kitu. Mkuu wa zizi, Madame Claudine, Mbelgiji mpole lakini asiyependa utani kazini, alimwambia wazi kwamba ikitokea mara ya tatu, farasi atapewa mtu mwingine.

Leo ni ya tatu.

Burhani anatoka uani na kumpigia simu mkewe, Aziza, aliyeko nyumbani kwao Ixelles.

"Nasikia moto tena."

"Ni moto ama ni woga, papa Warda?" anauliza Aziza, akimwita kwa jina la binti yao.

"Sijui."

"Alors, sema. Ukinyamaza hautalala tena, na mimi hautaniacha nilale."

Anasema. Madame Claudine anaugusa mguu yeye mwenyewe, anakunja uso, anamwita daktari. Saa mbili daktari anapitisha kifaa chake juu ya kano, akitazama picha ya ndani kwenye skrini. Burhani ameshika kichwa cha Sablon. Nje ni baridi ya Oktoba, lakini jasho linamtoka.

"Safi," anasema daktari. "Sioni kitu."

Madame Claudine hapigi kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Burhani, siwezi kuendesha zizi kwa woga wako," anamwambia. "Sablon atakimbia. Jumapili ataongozwa na Polycarpe."

Polycarpe, mtunzaji mwenzake kutoka Bukavu anayemwita mjomba, anatazama chini. "Tonton, mimi sikuomba hii."

"Ninajua. Kuja nikuonyeshe vile anapenda kufungwa bendeji."

Kazi ikiisha, Burhani anamweleza mwandishi mpango wake. Jumapili atapanda treni kwenda pwani, kwa nauli yake. Hatakaa jukwaani. Atasimama ng'ambo ya mstari wa mwisho, pale farasi wanapopunguza mwendo na kuanza kutembea, kwa sababu mguu mbovu hujionyesha hapo.

Je, anaamini mkono wake au mashine ya daktari?

Anautazama mkono, kisha anauficha mfukoni.

"Ninaomba Mungu nikuwe nimekosa," anasema. "Waniite muoga mpaka nife, hakuna problème. Wanirudishe kwa kuzoa samadi. Lakini papa apite mbele yangu akitembea na miguu yote quatre."