Zahanati Iliyoishia Usawa wa Lenta

Hafidha Mbaruku aliingia kwenye serikali ya kijiji cha Nambwechi mwaka 1999, na aliyemwingiza ni marehemu.

Mwaka mmoja kabla, katika zile mvua zilizovunja madaraja kusini kote, mdogo wake Zaina alishikwa na uchungu wa mtoto wa pili. Nambwechi haikuwa na zahanati. Mgonjwa alipelekwa ama Ruangwa mjini, ama aliteremshwa upande wa Nachingwea, na siku hiyo njia zote mbili zilikuwa zimekatika. Wanaume wanne wakamlaza kwenye kitanda cha kamba wakambeba mabegani. Walipofika korongo la kwanza wakakuta maji yamejaa, wakaketi kusubiri yapungue. Hafidha alikipakata kichwa cha mdogo wake mapajani tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Maji yalipopungua, wale wanaume wakakigeuza kitanda kurudi nyumbani, maana hapakuwa tena na haraka. Zaina na mtoto wake walizikwa pamoja.

Baada ya arobaini watu waliendelea na mashamba yao. Hafidha hakuweza. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, ameishia darasa la saba, ameachika mapema, analima ufuta wake na mihogo yake. Hakuwa na tabia ya kwenda mikutanoni. Lakini uchaguzi wa serikali ya kijiji ulipokuja, alisimama mbele ya watu akasema jambo moja tu: anataka zahanati. Wakampa kura, wengine kwa kumwonea huruma.

Kwa miaka mitatu alilisema hilo hilo moja kila kikao. Wenzake wakizungumzia kisima, yeye alisema zahanati. Wakizungumzia nguruwe wanaoharibu mihogo, yeye alisema nguruwe washughulikiwe, kisha zahanati. Mwenyekiti alikuwa akicheka: "Bi Hafidha, wewe ukifa tutakuandikia hivyo kaburini." Aliyemsikiliza bila kucheka alikuwa Modestus, afisa mtendaji wa kata, mtu wa Songea aliyehamishiwa huku na kuzoea. Modestus ndiye aliyemwelewesha mambo yanavyokwenda. Wananchi wanatoa eneo na nguvu zao, wanapandisha kuta mpaka usawa wa lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Hapo wilaya inaleta mabati, mbao na milango, kisha mganga. Bila kuta, hakuna wa kuwasikiliza.

Mwaka 2003 Modestus alikuja na bwana afya kukagua maeneo. La kwanza lilikuwa bondeni, maji yanatuama. La pili lilikuwa mbali na barabara, gari la dawa lisingefika. La tatu ndilo lililofaa, tambarare, kavu, kando ya barabara iendayo Chinongwe. Bwana afya alitembea huku na huku, akapiga mguu chini, akasema, "Hapa." Palikuwa shamba la mikorosho la Kaimu, kaka yake Hafidha.

Kaimu ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Tangu baba yao afariki, shamba lile alilitunza yeye. Analipalilia, anapuliza dawa ya salfa msimu ukifika, anakata matawi makavu. Kwa desturi ya kwao mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada zake, na Kaimu hakuitumia kauli hiyo kwa ukali. Watoto wawili wa Hafidha walivaa sare za shule kutokana na mikorosho ile, na mtoto wa kwanza wa marehemu Zaina alikuwa akilelewa kwake.

Wajumbe wote walikubaliana kwamba atakayekwenda kumwambia ni Hafidha. Alimkuta anatia mpini kwenye jembe.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Keti."

Akaketi. "Kaka, shamba la barabarani wamelitaka."

"Wamelitaka kina nani?"

"Kijiji."

"Kijiji kina miguu? Mbona sikukiona kikija?"

"Nimekuja mimi."

Kaimu aligonga mpini chini mara mbili ukakaa sawasawa. "Mikorosho ile kapanda baba. Mimi naipalilia tu. Nitakwenda kumwambia nini?"

"Watakupa eneo lingine, kule kilimani. Mtendaji kasema."

"Kilimani kuna mawe."

Hapo Hafidha akasema neno ambalo alikuwa amejiapiza njia nzima kwamba hatalisema. "Kungekuwa na zahanati pale, Zaina angekuwa hai."

Kaimu hakumtazama. Aliinuka, akaenda kuegemeza jembe ukutani, akaingia ndani. Mkewe, Mwanamvua, aliyekuwa akipepeta mtama pembeni, alitikisa kichwa polepole na kuendelea kupepeta.

Siku tisa zilipita. Siku ya kumi Kaimu alikwenda mwenyewe nyumbani kwa dada yake, hakutaka hata kuketi. "Waambie wachukue," alisema. "Lakini aliyeniomba ni wewe. Hicho kijiji mimi sikijui."

Mkutano mkuu wa kijiji ulipokaa, watu walimpigia Kaimu makofi. Kuhusu eneo la kilimani, Modestus alisema litapimwa pamoja na mengine, mpango ukikamilika. Kila mtu alisikia. Karani akaandika muhtasari: Ndugu Kaimu Mbaruku ameridhia kutoa eneo lake kwa hiari yake kwa ajili ya huduma ya jamii. Kaimu akatia saini. Palipohitajika shahidi, Hafidha akatia yake, kwa mwandiko mkubwa wa mtu asiyeandika mara kwa mara. Alikuwa na furaha siku ile. Tusimfichie hilo.

Mikorosho ilikatwa mwezi wa saba, ikiwa na maua. Kaimu hakufika. Mwanamvua alifika, akasimama barabarani na kanga yake kifuani, akatazama mpaka mti wa mwisho, kisha akarudi nyumbani bila kuokota hata kuni moja. Magogo yale ndiyo yaliyochomea matofali. Tanuru liliwaka siku tatu, na moshi wa mkorosho unawasha macho; kijiji kizima kikawa kinafikicha macho na kutaniana.

Tuwe wakweli, watu wa Nambwechi walifanya kazi. Wanawake walibeba maji, wanaume walichimba msingi, fundi mmoja wa Kimakonde alijenga kwa kulipwa chakula tu. Kufikia mwishoni mwa 2004 kuta zilikuwa zimefika lenta, vyumba vinne na kibaraza. Hafidha alikuwa akiingia mle akasimama katika chumba kilichokusudiwa kina mama wajawazito, akipima kwa hatua mahali kitanda kitakapokaa.

Kisha ikawa ni kusubiri. Modestus aliandika barua wilayani, akajibiwa kwamba zahanati ya kata ile imo kwenye mpango. Mvua ya kwanza ikapita juu ya kuta. Mwaka 2005 ukaja uchaguzi, na kata ikapata diwani mpya, Jumaa, mfanyabiashara wa kijiji cha Mkoma, ng'ambo ya korongo. Miezi michache baadaye Modestus akahamishwa. Alikuja kumuaga Hafidha akiwa na begi lake tayari. "Bi Hafidha, usiache kufuatilia," alimwambia. "Jambo likikosa mtu wa kulifuata, linakufa."

Akafuatilia. Alikwenda Ruangwa mjini mara nyingi, mara nyingine kwa gari la mzigo, mara nyingine kwa miguu kutwa nzima. Kila safari alipeleka barua iliyogongwa mhuri wa kijiji. Safari ya mwisho ilikuwa mwaka 2006. Karani wa masjala, dada mmoja aitwaye Scola, mtu wa bara mwenye sauti ya upole, alimwonea imani. Akamketisha, akaenda akarudi na jalada.

"Mama, barua zako zote zimo humu. Hakuna hata moja iliyopotea."

"Zimejibiwa?"

Scola alifungua kurasa, akasita. "Mama, mabati yameshatoka. Tangu mwezi wa tano."

"Yametoka yamekwenda wapi? Kwetu hayajafika."

"Kata moja, zahanati moja. Kata yenu imeleta muhtasari wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Umeandikwa kwamba zahanati ijengwe Mkoma. Sisi tunafuata kilicholetwa na kata." Akamgeuzia karatasi asome mwenyewe. Hafidha aliisoma polepole, kwa kidole. Jina la Nambwechi lilitajwa mara moja tu, kwenye orodha ya wasiohudhuria. Hakuna aliyewapelekea taarifa ya kikao.

Hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alivuka korongo, akamfuata diwani dukani kwake. Jumaa alimkaribisha vizuri, akamtolea kiti na soda. Hafidha hakuigusa soda.

"Mheshimiwa, kuta zetu zimefika lenta. Mkoma hapakuwa na hata tofali. Umetufanyia nini?"

Jumaa hakukasirika. "Mama, nisikilize. Mkoma tuna watu mara mbili yenu. Korongo likijaa, wewe unakatika na sisi tunakatika. Mwaka juzi nimezika mke wa mdogo wangu, tumbo la miezi minane. Kwani wanawake wa Mkoma hawafi?"

 Njia nzima Hafidha alikuwa amejiandaa kukutana na mwizi, akamkuta mtu mwenye kaburi kama lake. Aliinuka, akasema ahsante kwa soda, akaondoka. Kwa miaka mingi baadaye alikuwa akisema kwamba afadhali angetukanwa.

Habari zilipofika Nambwechi, watu walichukia kwa wiki mbili. Kisha ufuta ukawa tayari kuvunwa. Nani anabeba hasira na ufuta pamoja?

Kaimu hakusema lolote mpaka mkutano mkuu uliofuata. Alisubiri ajenda zote ziishe, kwenye mengineyo akanyoosha mkono, akasimama na kofia yake mkononi. "Zahanati imekwenda Mkoma," alisema. "Naomba shamba langu nirudishiwe. Miti haipo, najua. Nitapanda mingine."

Mtendaji mpya wa kijiji, kijana aitwaye Brighton, mgeni wa mkoa mwingine, alifungua faili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi. Akasoma: ameridhia kutoa eneo lake kwa hiari yake. "Mzee, hili sasa ni eneo la taasisi. Haliwezi kurudi kwa mtu binafsi. Labda siku moja kijiji kitajenga kitu kingine."

"Na lile la kilimani?"

Brighton akapekua. "Humu halimo."

Hafidha akasimama. "Lilisemwa! Bwana Modestus alilisema, watu wote hawa walisikia."

Watu walitazama chini. Eneo la kilimani, pamoja na mawe yake, lilikuwa limeshalimwa na watu watatu, na wote watatu walikuwa wamekaa pale pale mkutanoni.

"Mama," alisema Brighton, "kisichoandikwa hakikusemwa. Hii saini ya shahidi, ni yako?"

Akamletea karatasi mpaka alipokuwa. Hafidha aliutazama mwandiko wake mkubwa.

"Ni yangu," alisema.

Kaimu alivaa kofia yake. Hakumtazama dada yake wala mtu mwingine. Kabla ya mvua za mwaka ule alikuwa amehama na mkewe na yule mtoto wa Zaina, wakaenda Mtua, upande wa Nachingwea, kwa ndugu za Mwanamvua. Mwanaume wa umri wake kwenda kuanza upya ukweni, akilima kipande alichoonyeshwa na shemeji zake, si jambo dogo. Hakuaga. Hafidha alijua kaka yake amehama alipokuta mlango umezibwa kwa miiba.

Alisubiri kualikwa, hakualikwa. Mwaka 2008 akajifunga kibwebwe, akafunga unga na kuku mmoja, akaenda mwenyewe. Alimkuta Kaimu kibarazani, amekonda, ndevu zote nyeupe.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Karibu." Kaimu aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kiti. Kilikuwa kiti pekee cha nyumba ile. Akakipangusa vumbi, akamwekea. "Karibu ukae. Za safari? Huko mlikotoka mvua zipo?"

Hafidha alielewa papo hapo. Kwa kaka yake alizoea kukaa mkekani, kuingia jikoni, kufunua sufuria bila kuuliza. Leo amewekewa kiti. Aliulizwa habari za mvua, za ufuta, za majirani, kwa adabu kamili, kama anavyoulizwa mgeni anayepita. Kuku aliyemleta akachinjwa akaandaliwa yeye, paja na firigisi kwenye sahani yake. Kila alipoelekeza mazungumzo kwenye shamba la barabarani, Kaimu alisema, "Ongeza mchuzi."

"Kaka, nisamehe," akasema hatimaye.

"Hujanikosea kitu, mgeni wetu. Nilitoa kwa hiari yangu. Imeandikwa."

Jioni Mwanamvua ndiye aliyemsindikiza mpaka njia kuu. Walitembea mpaka walipofika penye kivuli cha kusubiria gari.

"Wifi," alisema Hafidha, "ipo siku atazungumza na mimi?"

Mwanamvua alifikiri. Hakuwa mtu wa kudanganya. "Sijui, wifi. Mimi mwenyewe nikitaja Nambwechi, anaondoka." Akamtengenezea kanga begani iliyokuwa ikidondoka. "Wewe njoo tu. Kuku usilete tena, lete mbegu za kunde. Huku zimetupotea."

Gari la kwenda Nachingwea lilikuja limejaa magunia. Kondakta akamvuta mkono, akapata nafasi ya kuchutama kati ya gunia la mbaazi na tairi la akiba. Alipogeuka kupunga mkono, Mwanamvua alikuwa ameshageuza, anarudi kupika cha usiku.