Msukani Anayetoa Miji Badala ya Jibu

Kitendawili hiki, msomaji, usikirukie: nimemshika mkia, naye anapeleka kichwa nitakako. Umeshindwa? Basi toa mji, ndiyo ada.

Jibu lake liko ufukweni Bagamoyo. Saa moja asubuhi, Bwanausi bin Majaliwa amesimama tezini, nyuma kabisa ya mashua, mikono yote miwili kwenye kana, ule mti wa kugeuzia usukani. Abiria wa Saadani wanakuja wakikanyaga maji, nguo wamezikunja hadi magotini. Mbele yake kidogo mtambo wa moshi unakohoa. Mlingoti upo na tanga lipo, lakini limeviringishwa likafungwa kamba.

"Sabalkheri, Mzee Bwanausi! Dude lako limeamkaje leo?" anauliza mama mmoja mwenye kapu la mihogo.

"Limeamka na kiburi, kama mwali wa juzi. Panda, mama. Lakini kaa kulia. Mbele kushoto hapakaliki."

Mama anacheka, anakaa kulia. Bwanausi hacheki.

Ana umri wa miaka hamsini na kitu, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameitumia akiwa ameshika kana. Bega lake la kushoto limeshuka. "Zamani niliiendesha mashua hii kwa vidole viwili," anasema. "Sasa nashika kwa mikono miwili, nasukuma na nyonga, na bado inanivuta. Nikifika Saadani kijiko kinanitetemeka."

Mashua iliyosawazishwa vizuri, anaeleza, ni kama mke mwenye akili: haikuvuti, haikuachi. Ikienda kwa tanga, msukani akiachia kana, inageuza kichwa yenyewe kuelekea upepo, tanga linapwaya, inasimama. Ndiyo maana wasukani wote wa pwani hii wana desturi moja: mtu akianguka majini, achia kana. Mashua itakusubiri hapo hapo mpaka umwopoe mtu wako.

"Hufikiri," anasema. "Ukisikia tu 'Mtu majini!', mkono umeshafunguka."

Mwaka jana, 1886, mwenye mashua, Bwana Sadallah, alileta kutoka Unguja mtambo mkuukuu akautia ndani. Uzito ukalala nyuma, tezi ikazama, kichwa kikainuka. Hata tanga likitwekwa, mashua haikujua tena upepo uko wapi. Bwanausi alihangaika siku tisa akihamisha farumi, yale mawe ya kutuliza chombo, jiwe hili mbele, lile kando, mpaka akaiponya. Akaitoa nje kwa tanga, akaachia kana mbele ya watu, nayo ikageuka, ikasimama kimya. Watu wakampigia vigelegele.

"Nilivimba kichwa," anasema. "Nikadhani nimemaliza kazi."

Kumbe alikuwa ameiponya upande mmoja tu. Mtambo ukifanya kazi, rafadha, lile panga la chuma linalozunguka chini ya maji, linaupiga usukani kwa nguvu zake lenyewe. Achia kana, na mashua inazunguka kushoto kama mbuzi aliyefungwa kigingini. Wala haisimami. Hapo hakuna jiwe la kuhamisha.

Miezi saba iliyopita, karibu na Winde, upepo ulikufa wakawasha mtambo. Mbele kushoto alikuwa Dadi, mpima kina, akitumbukiza bildi, kamba yenye risasi nzito ya kupimia kina, na kuita idadi ya pima. Dadi alikuwa shemeji yake Bwanausi, mume wa mdogo wake, Mwanvita. Wimbi likapiga, Dadi akaanguka. Mtu akapiga kelele, "Mtu majini!"

Kana ikawa haina mkono. Mashua ikazunguka kushoto, ikampitia Dadi kwa juu, na rafadha ilikuwa bado inazunguka.

Walimzika Winde siku hiyo hiyo.

Tangu hapo kila mtu ana swali moja: aliiachia, au ilimponyoka? Bwana Sadallah amejipa jibu lake. "Ilimponyoka," anasema akiwa amesimama ufukweni na fimbo yake. "Kana ilikuwa na mafuta. Mungu alipenda. Ingekuwa aliiachia, nani angepanda chombo changu? Na mimi ningemweka wa nini?"

Bwanausi hakukubali wala hakukataa. Siku ya matanga, Mwanvita alimuuliza mbele ya watu. Utotoni ndugu hawa walikuwa wakitegeana vitendawili mpaka mama yao awafukuze wakalale. Ulimi wa Bwanausi ukachota huko.

"Akaniambia, 'Nimeshindwa, chukua Kaole,'" anasimulia Mwanvita. "Mume wangu yuko chini ya udongo, kaka yangu ananipa mji kama tunacheza! Nikamwambia, siku utakayonijibu ndiyo siku nitakayokula kwako."

Hajala kwake miezi saba. Siku ya Idi Bwanausi alimpelekea sahani ya pilau, ikarudi imefunikwa vile vile. Wengine walipouliza, aliwatupia miji mingine: Winde, Zinga, Mbegani. Watani wakamwita Sultani wa Pwani. Aliitika.

Asubuhi hii, abiria wakiwa wameshakaa, Mwanvita anashuka ufukweni. Nyuma yake yupo Mgeni, mdogo wa marehemu, msukani wa vyombo vya tanga, naye ni mtu mzima mwenye watoto wanne. Bwana Sadallah ametia mtambo mwingine kwenye mashua iliyoko Saadani. Mgeni anakwenda kuishika kesho.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Mwanvita." Ni neno la kwanza baina yao tangu matanga.

"Umeshamfundisha Mgeni?"

"Kufundishwa nini, shemeji?" Mgeni anacheka. "Nimeshika kana miaka kumi na sita. Usukani ni usukani tu."

"Mgeni," anauliza Bwanausi taratibu, "mtu akianguka majini unafanyaje?"

"Naachia kana. Nani asiyejua?"

Mama wa mihogo anashika kapu lake kama litaanguka.

"Umemsikia?" anasema Mwanvita. Maji yamemfika magotini na hakukunja kanga. "Nyumba ile ile, kaka. Dadi amekwenda, sasa huyu. Nakuuliza mara ya mwisho. Uliiachia, au ilikuponyoka?"

"Jamani, tumeshalimaliza hilo," Bwana Sadallah anadakia. "Bwanausi, tuondoke. Maji yanakupwa."

Bwanausi anaitazama mikono yake. Anajua akisema neno moja, kesho kana itashikwa na mtu mwingine, na bega hili bovu hakuna chombo kitakacholitaka. Anajua akilisema jingine, Mgeni atakwenda Saadani na mkono unaofunguka wenyewe.

"Umebaki Bagamoyo tu," anasema. "Mwanvita, chukua Bagamoyo."

"Siutaki mji, kaka. Nataka jibu."

Mtambo unakohoa. Fimbo ya Bwana Sadallah inachora mchangani, inasimama.

"Niliiachia," anasema Bwanausi. "Niliiachia mwenyewe, kwa mkono huu, kama nilivyozoea. Haikuniponyoka. Mgeni, panda huku uishike nikuonyeshe, kabla hawajanishusha."