Jini la Mamdogo Zuhura

Nilipokuwa mtoto pale Shella, Malindi, msichana akiumwa tumbo la chini hakuulizwa kala nini. Aliulizwa kapita wapi. Mamdogo Zuhura, kitindamimba wa bibi yangu, alipita magofuni magharibi ikiingia, nywele zikiwa bado mbichi za kuoga. Ndivyo alivyosema Bibi homa ilipomshika na maumivu yakamkunja kitandani, asiweze hata kushona kofia zake.

"Jini mahaba huyo," Bibi alisema. "Kampenda. Hatamwacha azae na mwanadamu."

Mama hakusadiki. Asubuhi moja alimvisha mdogo wake buibui, nami nikafuatana nao kwa kuwa hapakuwa na wa kuniachia, tukaenda zahanati. Benchi lilijaa wanawake wa mtaani kwetu. Zuhura alimnong'oneza nesi kwamba anaumwa huku chini, na anatokwa na uchafu.

"Mumeo yuko wapi?" Nesi hakunong'ona.

"Sijaolewa."

"Hujaolewa, na maradhi ya wake za watu umeyatoa wapi? Nenda ukaolewe, kisha uje na mumeo."

"Dada, mtoto ana homa," Mama akasihi. "Mguse tu."

Nesi alikwisha kumwita mwingine. Nyuma yetu mtu akacheka. Zuhura alijifunika uso, akatangulia kutoka.

Habari ilitutangulia nyumbani. Nilidhani Bibi atampiga. Badala yake alifunga mlango wa uani, akamwambia Mama, "Ushaona? Jini halimwaibishi mtu. Niachie mwanangu."

Akaitwa mwalimu wa madrasa. Aya zikaandikwa sahanini kwa zafarani, zikaoshwa kwa marashi, Zuhura akanywa kombe lile na kufukizwa ubani. Wale wale waliocheka wakaja kutoa pole. Homa ikashuka. Maumivu yakawa yanakuja na kuondoka, naye akazoea kuyanyamazia.

Aliolewa Watamu na mwanamume mpole. Mimba haikuingia. Mume alikuwa tayari kungoja. Mamake mume hakuwa tayari, na Zuhura akarudi kwetu na sanduku lake. "Mama yenu aliona mbali," watu walimwambia Mama. Bibi, ambaye sikuwahi kumwona akilia, alilia siku ile kama aliyefiwa.

Nilipokuwa mtu mzima nilimpeleka mwenyewe kwa daktari. Tukaambiwa mirija yake ya uzazi iliziba zamani, kwa maradhi yaliyokosa tiba.

"Tiba yake ni nini?" Zuhura akauliza.

"Sindano na vidonge, mama. Vikiwahi."

"Zamani zile vilikuwapo?"

Daktari alikuwa kijana. Alinitazama mimi kwanza. "Vilikuwapo."

Kama kulikuwa na mwanamume, sijui hadi leo, wala halinihusu. Ninachojua ni kwamba Bibi, kwa imani yake, alimpatia bintiye ugonjwa ambao msichana angeweza kuugua bila kuulizwa mumewe. Zamani nilimwita mjinga. Sasa naona alimpa alichokuwa nacho, na waliokuwa na dawa wakamnyima.

Tulipotoka kwa daktari, Zuhura alisimama kivulini, akafunga buibui lake vizuri.

"Bibi yako asiambiwe," alisema. "Mwache ajue ni jini."

Nikaitikia. Bibi akafa akijua ni jini, nami mara nyingine namwonea wivu.