Mkanda wa Mkwe Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Kishapu, Fundi Mkuu wa karakana ya ngozi alinifunga kamba ya nira kiunoni na kunining'iniza kwenye boriti. Miguu ikawa hewani.

"Unaogopa?" akauliza.

"Naogopa, shikamoo," nikajibu, maana akili ilishaniruka.

"Marahaba. Fundi asiyeogopa huua watu."

Alinifundisha kwamba ngozi ya ng'ombe si moja. Ya mgongo ni nene, haivutiki, nayo ni ya kamba za nira na kila kinachobeba uzito. Ya tumbo ni laini, huvutika, inafaa makubazi. Zikishapakwa mafuta na rangi nyeusi, jicho halizitofautishi. Ndiyo maana kila mkanda wa kubeba mtu ulivaliwa na mwenyewe, akaning'inia, fundi akipapasa mishono.

Kutoka hapo nilihamia Kahama, nikawa natia soli buti za wachimbaji. Nilizitoboa kwa msharasi, kile chuma chenye ncha kali, kisha nikapitisha uzi wenye nta. Msimamizi wa duka alipenda kunitania: "Mama Kabula, unashona kama unafukuzwa na fisi!" Nilicheka naye, lakini woga wa siku ile ya boriti haukuwahi kunitoka.

Mwishowe nilihamia Rwamgasa, alikoolewa binti yangu Kabula. Huko nilishona mikanda ya kushukia duarani, yaani shimo la dhahabu. Mchimbaji huifunga kiunoni na mapajani, kisha hushikizwa kwenye kamba ya winchi.

Shija, mume wa Kabula, naye akataka mkanda. Sasa, kwetu Wasukuma mama mkwe na mkwe hawagusani. Hata njiani mmoja humpisha mwenzake. Ningeanzaje kumfunga mkwe wangu mapajani? Akamtuma mkewe na uzi wenye mafundo, kipimo cha kiuno na mapaja. Nikashona kwa kufuata uzi, nikampa Kabula apeleke. Hakuning'inia mtu.

Kesho yake asubuhi nikaenda kuchukua ngozi nimkatie mteja mwingine. Kipande cha mgongo nilichodhani nimemkatia Shija kilikuwa palepale ukutani, kizima. Nilikuwa nimemkatia tumbo.

Nikampigia simu Kabula. "Mama, ameshashuka," akasema.

Nilikimbia. Miguu yangu ya uzee sijui ilipata wapi nguvu. Niliogopa kufika, nikaogopa zaidi kuchelewa. Moyoni nilimwona binti yangu mjane, na mjane huyo nimemfanya mimi.

"Mwambieni asipande kwanza!" nikamlilia msimamizi wa duara.

"Mama, mbona yuko njiani tayari?" Winchi ilikuwa inazunguka.

Nikapiga magoti ukingoni. Kamba ilipanda polepole, ikitetemeka, nami sikuweza hata kusali. Kichwa cha Shija kilipotokeza, nikamrukia, nikamkumbatia kiunoni na mapajani mbele ya watu wote, nikamvuta hadi ardhini. Mkanda ulikuwa umevutika kama unga wa chapati uliokandwa. Vidole vyangu tu ndivyo vilivyojua kwamba mshono mmoja ndio uliokuwa umeshika.

Shija aliinamisha uso kwa haya. Wachimbaji wakasema, "Mama mkwe huyu anampenda mkwewe!" Nami, kwa woga wa aina nyingine, nikacheka nao.

Jioni Kabula akaja na kuku. "Shija anashukuru. Anaomba umshonee mwingine kama ule ule, anasema ulilegea vizuri kiunoni."

Niliuchukua ule wa zamani kwa kisingizio cha kuurekebisha, nikauchoma moto. Siku hiyo nikaacha kazi. Watu wanadhani ni macho yaliyonishinda.

Ninyi mnaojifunza ufundi huu, mkanda wa kushukia hupimwa kwa mwili. Mtu mnayemwonea haya kumgusa, mpelekeni kwa fundi mwingine. Mimi ilinishinda kumwambia Shija ana kwa ana, na mdomo wangu haujafunguka mpaka leo. Nimeandika, kwa sababu Kabula anajua kusoma, na humsomea mumewe kila kitu.